Maradhi ya akili Afrika Mashariki: Hukumu imetoka, nani atamchunguza mgonjwa?

Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Kifungu hicho, kilichorithiwa kutoka utawala wa kikoloni, kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua na kunusurika kuwa mkosaji anayestahili kifungo kisichozidi miaka miwili, faini, au adhabu zote mbili kwa pamoja.

Jaji Lawrence Mugambi alikubaliana na walalamikaji, wakiwamo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, kwamba kumwadhibu mtu wa namna hiyo ni kumbagua kwa sababu ya hali ya afya yake na kumvunjia heshima ya utu wake.

Watetezi wa haki za wagonjwa waliipokea hukumu hiyo kwa furaha, na walikuwa na sababu. Kwa miongo mingi, mtu aliyenusurika alitoka wodini na kupelekwa kituo cha polisi, na familia nyingi zilificha tukio hilo, au zilidanganya hospitalini, kwa kuogopa mashitaka.

Hata hivyo, hukumu hiyo imeacha swali ambalo mahakama haina uwezo wa kulijibu. Polisi akishaondoka, ni nani atakayekaa mbele ya mtu huyo, na atajuaje kwamba anaumwa, na anaumwa nini?

Swali hilo haliishii mpakani Namanga. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, yenye asili ileile ya kikoloni, nayo imekuwa na kifungu cha namna hiyo. Na katika miji ya nchi zote mbili, jina la hospitali ya wagonjwa wa akili limegeuka kuwa kejeli. Dar es Salaam mtu huambiwa kwa utani kwamba anafaa kupelekwa Mirembe, hospitali iliyoko Dodoma tangu miaka ya 1920. Nairobi huambiwa hivyohivyo kuhusu Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910. Mtu huliogopa lango la hospitali kabla hata hajaujua ugonjwa wake.

Ugonjwa usioonekana katika darubini

Mgonjwa wa malaria hutolewa tone la damu na kupewa jibu katika muda usiofika nusu saa. Mgonjwa wa kisukari hupimwa sukari. Lakini hakuna kipimo cha damu, wala picha ya eksirei, kinachoweza kuthibitisha kwamba mtu ana sonona, skizofrenia au baipola, ugonjwa unaomtoa mtu katika furaha na nguvu zilizopita kiasi na kumtumbukiza katika huzuni kubwa.

Hapo ndipo wengi hupata shaka. Huuliza: kama hakuna kipimo, daktari anajuaje? Je, hayo si maoni yake tu?

Daktari wa fani hiyo hutegemea mambo manne: anayoyasema mgonjwa, wanayoyasimulia watu wanaoishi naye, anayoyaona kwa macho yake katika mazungumzo, na muda ambao dalili zimedumu. Mambo hayo huyalinganisha na vigezo vilivyoandikwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani nacho kina mwongozo wake, ambao toleo lake la tano lilitoka mwaka 2013 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2022.

Kwa mfano, katika orodha ya WHO, sonona hutajwa pale mtu anapokuwa na dalili zisizopungua tano kati ya kumi, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Mojawapo ni lazima iwe huzuni nzito au kupoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Nyingine ni kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kubadilika kwa hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kuzingatia jambo, kujiona hana thamani, kukata tamaa, na mawazo ya kifo. Aidha, ni lazima dalili hizo ziwe zimemharibia mtu kazi yake, masomo yake au uhusiano wake na watu.

Sharti la muda lina maana yake. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu kwa sababu ya deni la kodi ya nyumba hajawa mgonjwa. Kwa upande wa skizofrenia, WHO inataka dalili ziwe zimedumu mwezi mmoja, na mwongozo wa Marekani unataka dalili za ugonjwa huo ziwe zimeonekana kwa miezi sita.

Kosa katika kazi hii lina gharama. Mgonjwa wa baipola akifika hospitalini katika kipindi cha huzuni, hufanana kabisa na mgonjwa wa sonona. Daktari asipouliza kama kuna wakati uliopita ambapo mtu huyo alikaa siku nyingi bila kulala, akitumia fedha ovyo na kuzungumza bila kituo, atampa dawa za sonona peke yake. Dawa hizo zaweza kumwamsha mgonjwa katika upande wa pili wa ugonjwa, naye akarudi nyumbani akiwa katika hali ya hatari zaidi kuliko aliyokuja nayo.

Kuna kosa jingine lililo karibu zaidi na mazingira ya nchi za joto. Yapo maradhi ya mwili yanayojivika sura ya wazimu. Malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya muda mrefu, Virusi vya Ukimwi, aina fulani za kifafa, kushuka kwa sukari na upungufu wa vitamini B12 vyote vyaweza kumfanya mtu aseme yasiyoeleweka au aone yasiyokuwapo. Tezi ya shingo ikizembea kazi yake humletea mtu uchovu na huzuni vinavyofanana na sonona. Ikizidisha, humletea mapigo ya moyo na wasiwasi.

Kwa sababu hiyo, vipimo vya maabara vina nafasi yake, ingawa havitaji ugonjwa wa akili. Kazi yake ni kuondoa kwanza maradhi mengine. Mzee aliyechanganyikiwa kwa siku mbili tu mara nyingi ana maambukizi mwilini. Na mama aliyejifungua wiki iliyopita, ambaye ghafla halali na anasema mtoto si wake, anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Somo la Mathari

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mchungu wa uchunguzi uliokwenda kombo. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, hospitali ya Mathari iliongozwa na daktari Mwingereza, John Colin Carothers. Mwaka 1953 WHO ilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Miongoni mwa aliyoyadai ni kwamba sonona ni nadra sana kwa Waafrika, na alilifungamanisha dai hilo na fikra kwamba Mwafrika hana mzigo wa wajibu na majuto kama Mzungu.

Serikali ya kikoloni ya Kenya iliithamini elimu yake kiasi cha kumtaka aieleze saikolojia ya Mau Mau, na taarifa yake ilitoka mwaka 1954. Harakati za watu kudai ardhi na uhuru zikasomwa kama dalili za akili iliyovurugika.

Ubaguzi wa fikra hizo uko wazi, lakini palikuwa pia na kosa la kitaalamu lisilozungumzwa sana. Carothers alihesabu watu waliofika Mathari. Waliofika Mathari ni waliokuwa wamesumbua wengine: waliovunja vitu, waliozurura uchi, waliokamatwa na polisi. Mwanamke aliyekaa kimya jikoni kwake, asiyekula wala kulala, hakumsumbua mtu yeyote. Hakuna aliyempeleka popote, na kwa hiyo katika hesabu za hospitali hakuwapo.

Jibu lilikuja mwaka 1979. Watafiti John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji viwili vya Uganda, ambako watu waliulizwa majumbani kwao badala ya kusubiriwa hospitalini. Sonona ilionekana kuwapata wanavijiji hao zaidi ya wakazi wa Camberwell, kitongoji cha London kilichotumika kwa ulinganisho. Ugonjwa ulioambiwa haupo ulikuwapo, ila haukuwa umeulizwa.

Haitakuwa haki kudhani kwamba makosa ya namna hii ni ya makoloni tu. Katika miaka ya 1960, hospitali za New York zilikuwa zikitaja skizofrenia mara nyingi zaidi kuliko hospitali za London. Watafiti walipowachunguza wagonjwa wa pande zote mbili kwa vigezo vya aina moja, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka. Tofauti haikuwa katika wagonjwa. Ilikuwa katika madaktari. Matukio kama hayo ndiyo yaliyosukuma kuandikwa kwa vigezo vinavyotumika leo.

Lugha ya mgonjwa

Vigezo vilivyoandikwa vimepunguza makosa, lakini vimeleta ugumu mwingine. Vimeandikwa kwa lugha za mbali, na mgonjwa wa Mbagala au Kisumu hazungumzi kwa lugha ya vigezo.

Mtu haendi zahanati kusema ana sonona. Husema kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, tumbo linawaka, usingizi umemkimbia. Akizidi kuulizwa, husema ana mawazo mengi, au moyo wake umekuwa mzito. Mhudumu aliyechoka, mwenye foleni ya watu 60 nje ya mlango, husikia maumivu ya kichwa, humpa dawa ya kutuliza maumivu na kumwita anayefuata. Baada ya wiki mbili mgonjwa hurudi na malalamiko yaleyale.

Kiswahili chenyewe bado kinajitafutia istilahi. Neno sonona limeenea kwa wataalamu na katika vyombo vya habari, lakini mitaani wengi husema msongo wa mawazo, na hulitumia neno hilo kwa kila kitu: mtihani, foleni ya magari, kuachwa na mchumba, na ugonjwa unaoweza kuua. Upande wa pili wako maneno kichaa na mwendawazimu, ambayo humfungia mtu mlango. Baina ya msongo, ambao kila mtu anao, na ukichaa, ambao hakuna anayeutaka, pamekuwa na nafasi tupu, na wagonjwa wengi wako humo.

Majirani wametoa mfano wa namna ya kuijaza nafasi hiyo. Zimbabwe, Washona wana neno kufungisisa, lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Watafiti wa huko hawakulipuuza neno hilo. Walitunga dodoso lenye maswali 14 kwa Kishona, lenye misemo ya watu wenyewe, na neno hilo limeingizwa hata katika mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013.

Uganda nako, watafiti waliofanya kazi kusini mwa nchi waliwauliza kwanza wanavijiji ni maradhi gani ya moyo wanayoyajua. Walitajiwa mawili, ambayo tafsiri yake ya karibu ni kujichukia na kujihurumia. Watu waliotambuliwa kwa majina hayo ya kienyeji, wakathibitishwa kwa vigezo, waliwekwa katika vikundi vya mazungumzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Waliokuwa na vigezo vya sonona katika vijiji vilivyopata vikundi hivyo walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5, katika vijiji vingine walishuka kutoka asilimia 94 hadi karibu asilimia 55.

Dodoso linalotumika sana duniani kote kwa sonona lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake huanzia sifuri hadi 27. Anayefikisha alama 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuangaliwa zaidi. Dodoso hilo limefasiriwa kwa Kiswahili na mhudumu aliyefundishwa hulimaliza katika dakika chache. Lakini ni kichujio, na kichujio si uchunguzi kamili. Alama peke yake haiwezi kumwambia mhudumu kama aliye mbele yake ana sonona, baipola, tezi iliyolegea, au mume anayempiga kila usiku.

Jina linapokuwa mzigo

Wapo wenye hofu ya upande wa pili: kwamba kuyataja maradhi haya kila mahali kutageuza kila huzuni kuwa ugonjwa. Hofu hiyo haina budi kusikilizwa, kwani wataalamu wenyewe wamegawanyika juu yake.

Mfano ni msiba. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliondoa sharti lililokuwa likimkinga mfiwa wa karibuni asihesabiwe kuwa mgonjwa wa sonona, na mjadala mkali ukazuka. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliongeza ugonjwa wa majonzi yasiyokwisha, na kwa mtu mzima yakataka uwe umepita angalau mwaka mmoja tangu kifo. WHO kwa upande wake inataka miezi sita.

Jamii za Afrika Mashariki zina kalenda yao ya majonzi. Kuna matanga, kuna arobaini, kuna eda ya mjane wa Kiislamu ya miezi minne na siku kumi. Katika muda huo mfiwa anaruhusiwa kulia, kutofanya kazi na kuhudumiwa. Mhudumu anayeijua kalenda hiyo hatamwita mgonjwa mjane anayelia wiki ya tatu. Lakini pia atashituka akimwona mjane huyohuyo mwaka wa pili, haogi, hatoki chumbani na anasema angependa kumfuata marehemu.

Jina la ugonjwa likitolewa vibaya huweza kumfuata mtu kazini, katika ndoa na hata katika kesi ya urithi. Likitolewa vizuri, humtoa katika lawama. Baba aliyeambiwa kwamba mwanawe ni mvivu au amerogwa hupata kauli nyingine: mtoto anaumwa, ugonjwa una jina, na dawa ipo.

Hapa haifai kuwadharau waganga wa jadi na viongozi wa dini, ambao familia nyingi huwafikia kwanza. Wana kitu ambacho zahanati nyingi hazina: muda wa kusikiliza. Tatizo huanza pale kijana anayesikia sauti anapofungwa kamba kwa miezi kadhaa huku ugonjwa ukiota mizizi, na hospitali ikawa kituo cha mwisho badala ya cha kwanza. Kadiri matibabu ya maradhi kama skizofrenia yanavyocheleweshwa, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu zaidi.

Kazi iliyobaki

Sheria hazikosekani. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kenya iliifanyia marekebisho sheria yake mwaka 2022, ikazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na wananchi. Kinachokosekana ni fedha na watu. Ripoti ya WHO ya Septemba 2025 ilisema zaidi ya watu bilioni moja duniani wanaishi na maradhi ya akili, na kwamba kiwango cha kati cha fedha ambazo serikali hutenga kwa ajili hiyo ni asilimia 2 tu ya bajeti za afya, bila mabadiliko tangu mwaka 2017. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, watu 727,000 walijiua mwaka 2021.

Madaktari bingwa wa fani hiyo ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Kusubiri mpaka kila wilaya ipate wake ni kuwaambia wagonjwa wa leo wasubiri kizazi kingine. Njia inayoonekana kuwezekana ni ile ambayo WHO imekuwa ikiihimiza tangu mwaka 2008: kumfundisha muuguzi, tabibu na mhudumu wa afya ya jamii kuuliza maswali sahihi, kutibu maradhi ya kawaida, na kumtambua anayepaswa kupelekwa mbele.

Zimbabwe imekwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa katika benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kupanga namna ya kutatua shida zao. Utafiti uliowahusisha watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliokaa na mabibi hao, dhidi ya asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umekwisha kufika hadi Zanzibar.

Njia hiyo nayo ina mipaka. Bibi wa benchini hawezi kuitibu skizofrenia, na muuguzi aliyefundishwa vizuri hana la kufanya kama dawa zimekwisha stoo na hospitali ya rufaa iko umbali wa siku nzima kwa basi. Mafunzo bila dawa na usafiri huzaa mhudumu anayejua ugonjwa na kumtazama mgonjwa akizidiwa.

Kwa hiyo kipimo cha hukumu ya Nairobi kitaonekana katika vyumba vidogo vya zahanati, usiku, pale ndugu watakapomleta mtu aliyenusurika. Zamani waliulizwa kwanza kama wana barua ya polisi. Atakapolazwa, akapatiwa huduma ya mwili wake na kutulia, patahitajika mtu mmoja mwenye nusu saa, anayejua kuuliza kwa lugha ya mgonjwa: umekuwa ukilala? Tangu lini umechoka namna hii? Je, mawazo ya kufa bado yapo? Hadi serikali za eneo hili zitakapomlipa na kumfundisha mtu huyo, kifungu cha sheria kitakuwa kimefutwa, na mgonjwa atakuwa amerudishwa nyumbani akiwa na ugonjwa uleule aliokuja nao.